Jinsi ya kuandaa kihekalu cha nyumbani cha Warumi kwa klabu ya historia

Maonyesho ya Roma ya kale katika shule zetu huwa na wanajeshi wa kadibodi, Julius Caesar akichomwa visu, na basi. Jikoni haingii mtu. Lakini dini ya Mrumi wa kawaida ilikuwa huko huko jikoni, kwenye ukuta wenye masizi karibu na meko, palipowekwa chakula kidogo, ua na ubani.

Mwongozo huu ni wa mwalimu au kiongozi wa klabu aliye Kisumu, Nakuru, Kakamega au kwingineko Kenya, anayetaka kuunda kihekalu hicho kwa vifaa vya sokoni, kukiendesha mbele ya wageni kwa dakika kumi hivi, na kueleza miungu ya kigeni ilipenyaje nyumbani mwa Warumi.

Lishike jambo moja kabla ya kununua msumari. Ibada ya nyumbani ya Kirumi ilipimwa kwa utendaji: nani ametoa, ametoa nini, siku gani, kwa maneno gani, kwa mkono upi. Ukikosea, unaanza upya. Yaliyomo moyoni hayakuulizwa sana. Mwanafunzi aliyelelewa kanisani au madrasa huona ajabu hapo, na ndiyo maana inafaa aione ikitendwa kuliko kusomewa.

Wanaokaa ndani

Vitabu hukiita kihekalu hiki larariamu. Ushahidi mwingi tulio nao umetoka Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Ndani ya kihekalu kuna wenyeji watatu ambao huwezi kuwaacha, pamoja na nyoka.

Lares ni vijana wawili wanaofanana kama mapacha, wamevaa kanzu fupi inayopepea, wanacheza kwa ncha za vidole. Mkono mmoja umeinua pembe ya kunywea, mwingine umeshika bakuli au ndoo ndogo. Katikati yao anasimama Genius, yaani nguvu ya uhai na uzazi ya baba mwenye nyumba. Huyu amevaa toga, amejifunika kichwa kwa upindo wa toga hiyo, na ameshika patera, bakuli bapa la kumiminia. Mama mwenye nyumba alikuwa na Juno wake. Kisha kuna Penates, walinzi wa akiba ya chakula. Hawa hawana sura moja, kila nyumba ilijichagulia: Mercury kwa mfanyabiashara, Hercules, Fortuna, Venus. Vesta, mungu wa kike wa meko, msimtafutie sanamu. Mwonyesheni kwa moto wenyewe.

Mlango nao ulikuwa na Janus. Kana kwamba hatoshi, kulikuwa na Forculus wa ubao wa mlango, Cardea wa bawaba na Limentinus wa kizingiti. Augustino, askofu Mkristo wa kale, aliwacheka: binadamu mmoja anatosha kuwa bawabu wa nyumba nzima, miungu wanahitajika watatu! Wanafunzi hupenda hiyo.

Nyoka ndiye atakayeleta maneno. Mzazi akiona nyoka mkubwa mwenye upanga kichwani kama wa jogoo, na ndevu, amechorwa chini ya madhabahu, mawazo yataruka moja kwa moja hadi bustani ya Edeni. Kwa Mrumi, nyoka huyo alikuwa mlinzi wa mahali na dalili ya neema. Ukiwa Kisumu una mfano wa karibu: Omieri, chatu wa Nyakach, ambaye watu walimchukua kuwa ishara ya mvua na mavuno. Anzia hapo, utaeleweka.

Mfano mwingine utumie kwa uangalifu. Wanafunzi wa Kiluhya watasema upesi kwamba Lares ni misambwa, yaani mizimu ya mababu. Wakubalie nusu tu. Wataalamu wanabishana bado kama Lares walianza kama roho za mababu au kama walinzi wa ardhi, na wafu wa Kirumi walikuwa na jina lao wenyewe, Manes, na siku zao. Ukiandika kwenye bango "Lares = mizimu", umefunga mjadala ambao wataalamu wenyewe hawajaufunga.

Kuunda kijumba

Pompeii ina aina tatu: shubaka lililochimbwa ukutani, picha iliyochorwa ukutani, na kijumba chenye nguzo na kipaa kilichosimama juu ya kitako. Tunapendekeza hicho cha tatu kwa kuwa kinabebeka. Msijione mnadanganya kwa kutumia mbao. Huko Herculaneum, mji jirani uliofukiwa siku zile zile, limesalia kabati la mbao lenye umbo la hekalu.

Nusu karatasi ya plaiwudi ya milimita 9 inatosha, fundi akikata kwa mpangilio. Mahitaji ni haya: ubao wa nyuma sentimita 60 kwa 76, sakafu ya juu ya kitako 60 kwa 30, uso wa mbele wa kitako 60 kwa 30, pande mbili za kitako 30 kwa 30 kila moja, dari 61 kwa 30, na pembetatu ya kipaa, upana 61 na kimo 15. Mwambie fundi aanze na ubao wa nyuma na sakafu kwenye ukanda mmoja wa sentimita 60, vipande vingine vyote aviweke kwenye ukanda wa pili. Akianza kwa kukata ovyo, dari itakosa nafasi na utalipia karatasi nyingine.

Nguzo mbili zikatwe kutoka bomba la plastiki la inchi moja na nusu, kila moja sentimita 45. Ndani ya kila mwisho ingiza kizibo cha mbao, kisha piga skrubu kupitia sakafu na kupitia dari. Gundi peke yake haishiki plastiki vizuri, na nguzo ikichomoka kipaa kizima huinama mbele ya wageni. Vifuniko vya plastiki vya chupa za mdomo mpana, vikitobolewa katikati na kuvalishwa juu na chini, vinatoa vichwa vya nguzo vinavyoridhisha.

Kimo cha kipaa kisizidi robo ya upana wake. Ukikipandisha hadi sentimita 30 utapata kanisa la kijijini.

Kosa kubwa ni kupaka kila kitu cheupe ili "kifanane na marumaru". Warumi walipenda rangi. Paka rangi ya maji nyeupe mara mbili kama msingi, kisha kitako kiwe chekundu cha udongo, mistari ya kipaa iwe ya manjano na nyekundu, na ukuta wa nyuma ubaki mweupe kwa ajili ya picha. Kama mfano, chukueni kihekalu cha nyumba ya akina Vettius huko Pompeii. Kinasimama upande wa jikoni na watumwa, na wenye nyumba wenyewe, Aulus Vettius Restitutus na Aulus Vettius Conviva, huaminika walikuwa watumwa walioachwa huru. Nyuma wamechorwa Lares wawili na Genius katikati. Chini yao nyoka anajongea kwa mikunjo. Kwenye pembetatu kuna patera, kisu na fuvu la ng'ombe. Nyoka wenu mchoreni kwenye uso wa kitako, akielekea madhabahu yenye mayai mawili na koni ya msonobari, vitu ambavyo nyoka wengi wa Pompeii wamewekewa.

Sanamu ndogo za Warumi zilikuwa aghalabu za shaba nyeusi, nyingi zikiwa na kimo cha kiganja cha mkono. Chaguo zuri kwetu ni jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ambalo huchongeka kwa kisu. Mpe mchongaji picha ya mbele na ya ubavu, na umwambie kimo kisizidi sentimita 15. Miguu ya Lar (mmoja wa Lares) anayecheza huvunjika. Mwambie aache nguo iteremke nyuma na kuungana na kitako. Pasipo fedha, karatasi za gazeti zilizolowekwa kwenye uji wa ngano zitafaa, mradi zikauke siku tatu kivulini. Zikianikwa juani hupasuka kiunoni.

Vyombo

Kiswahili kimetutangulia hapa. Chetezo ni chetezo, ubani ni ubani, huhitaji Kilatini. Tena ubani wa Warumi ulitoka Arabia ya Kusini na pembe hii yetu ya Afrika, kwenye pwani ya Somalia ya leo, kwa hiyo wewe wa Kisumu uko karibu na chanzo kuliko Mrumi yeyote. Ulizia kwenye maduka yaliyo karibu na misikiti, na useme unataka ubani wa vipande. Vijiti vya udi vya supamaketi vina manukato mengine kabisa na moshi wake haufanani.

Patera ni sahani ya kina kifupi, haina mkono, na katikati imeinuka kama kitovu. Kitovu hicho kina kazi: vidole huingia chini yake kutoka nje, kidole gumba kikae ukingoni, bakuli liinamishwe bila kuteleza. Kisahani cha bati chenye kipenyo cha sentimita 18 hivi kitafaa. Gonga katikati kutoka chini kwa nyundo juu ya mchanga mpaka kiinuke sentimita moja na nusu.

Ongeza kikebe cha chumvi. Usikidharau: hata nyumba maskini ya Kirumi ilijivunia kikebe cha chumvi kilichorithiwa kwa baba, nacho kilikaa mezani kama kitu kitakatifu. Kisha jagi la divai (mtatumia juisi ya zabibu), beseni la kunawia, ufagio, na shada la maua.

Toga ya mwanafunzi hutoka kwenye mita 4 za kitambaa cha marekani chenye upana wa mita moja na nusu. Upande mmoja mrefu uache ulivyo, mwingine ukate kwa mviringo kama upinde. Kuvaa: ncha ya kwanza ining'inie mbele kutoka bega la kushoto hadi karibu na mguu, kitambaa kizunguke mgongoni, kipite chini ya kwapa la kulia, kikatize kifuani na kutupwa nyuma juu ya bega la kushoto. Mkono wa kulia unabaki huru. Wengi huvaa kinyume, halafu mtoaji sadaka anajikuta na mkono wa kushoto tu.

Mkate wa sadaka

Cato Mzee, aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 2 KK, ametuachia vipimo vya mkate uitwao libum: ratili 2 za jibini, ratili moja ya unga wa ngano, yai 1. Ratili ya Kirumi ilikuwa gramu 327 hivi. Nusu ya kipimo inawatosha wageni kumi na wawili: jibini gramu 330, unga gramu 160, na yai moja dogo la kienyeji.

Jibini lisiwe lile gumu la njano, lina chumvi nyingi na huyeyuka. Tengeneza mwenyewe. Chemsha lita 2 za maziwa yasiyotolewa mafuta, epua, mimina vijiko vinne vya maji ya ndimu, koroga mara mbili tu uache. Yakikatika, chuja kwa kitambaa safi na ukining'inize saa moja hadi mbili. Utapata gramu 300 hadi 400 kulingana na mafuta ya maziwa. Hatua ya kuning'iniza ndiyo watu huiharakisha: jibini likibaki na maji, donge hutandaa kama chapati ya maji na hakuna unga utakaoliokoa bila kuharibu ladha. Liponde laini, changanya na unga, kisha yai, finyanga mkate mmoja wa duara.

Cato anasema uuweke juu ya majani na kuuoka polepole kwenye meko ya moto chini ya kifuniko cha udongo. Anayeoka keki kwa jiko la makaa ameshaelewa. Sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ndani yake, jani la mgomba lililopitishwa motoni (mbadala wetu, Warumi hawakuwa nalo), mkate juu, kifuniko, na makaa machache juu ya kifuniko. Dakika 40 hivi. Moto wa juu uzidi wa chini. Ukifanya kinyume, chini kutaungua na katikati kutakuwa uji. Watu hupenda kumwagia asali. Kwenye vipimo vya libum vya Cato asali haimo, kwa hiyo mkiimwaga semeni ni yenu.

Kuendesha tambiko

Washa kipande cha makaa cha ukubwa wa kidole gumba dakika kumi na tano kabla. Kiweke kwenye chetezo juu ya mchanga wa sentimita 3. Subiri kivae jivu jeupe: ubani ukitupwa kwenye kaa jekundu linalowaka hushika moto na kutoa moshi mweusi wa kuwasha macho. Vipande vitatu vya ukubwa wa punje ya mahindi vinatosha onyesho zima. Mkono mmoja na nusu kwenda juu pasiwe na pazia wala kadibodi, madirisha yawe wazi, na mwenye pumu akae mlangoni.

Watu wote wa nyumba wawepo. Hapa ndipo onyesho linapopata uzito, kwa sababu "familia" ya Kirumi ilijumuisha watumwa. Kwenye nyumba moja ya Pompeii, ile inayohusishwa na Sutoria Primigenia, kuna mchoro wa jikoni unaoonyesha hasa tukio hili: baba na mama kwenye madhabahu, mpiga zumari, na watu wa nyumba wamejipanga kando. Mpeni mwanafunzi mmoja jukumu la vilica, mke wa msimamizi wa shamba. Cato anamwagiza afagie meko kila siku kabla ya kulala, na siku za Kalendae, Nonae, Idus (siku tatu maalumu za kila mwezi, tazama chini) na sikukuu aweke shada juu ya meko na kumwomba Lar wa nyumba. Zaidi ya hapo asitoe sadaka bila amri, kwa kuwa bwana ndiye anayetoa kwa niaba ya nyumba nzima.

Basi vilica anafagia na kuweka shada. Baba ananawa mikono, anavuta toga kutoka mgongoni kufunika kichwa. Mtu anatangaza kwamba wote wanyamaze. Zumari inaanza na haikomi mpaka mwisho, kazi yake ikiwa kufunika kikohozi, mlango unaogongwa na neno lolote baya linaloweza kusikika. Tumieni zumari, hata kama ni ya kurekodiwa. Ala ya Warumi ilikuwa na tete mdomoni, kwa hiyo filimbi ya shule inadanganya sikio.

Baba anaweka ubani kwa mkono wa kulia, akimtaja Janus kwanza. Vesta hutajwa mwisho. Halafu anainua viganja na kusema. Maneno yafuate ngazi nne: kumwita mungu kwa jina, kufunga upenyo kama jina limekosewa, kutaja kinachotolewa, kutaja kinachotakiwa. Mfano tuliouandaa kwa mpangilio huo:

"Lar wa nyumba hii, au jina lolote upendalo kuitwa, nakupa ubani huu na divai hii, ili uwe radhi na mwema kwangu, kwa nyumba yangu na kwa watu wangu wote."

Lugha ni ya mkataba, na isomwe hivyo, kwa sauti kavu. Wanafunzi wetu huwa wanataka kuipandisha kama maombi ya kesha, wazuieni. Kisha anamimina juisi kutoka patera, kiganja kikitazama juu, anamega libum na kuweka kipande mbele ya Lares pamoja na chumvi kidogo. Anapeleka mkono wa kulia midomoni, anaubusu, na kugeuka mzunguko mzima kwa upande wa kulia. Mwisho.

Pangeni kosa moja la makusudi. Baba ataje jina vibaya, au adondoshe patera, kisha asimame, aombe radhi na kuanza tena tangu kunawa. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayofundisha dini ya Kirumi kuliko hayo marudio.

Kama mna muda, ongezeni chakula cha jioni. Baada ya chakula kikuu na kabla ya matunda, watu walinyamaza. Sehemu ya chakula ilipelekwa motoni, na mtoto akatangaza kwamba miungu wameridhika. Ndipo wakaendelea.

Siku ya kuchagua

Kalendae ni tarehe 1. Nonae ni tarehe 5, na Idus tarehe 13; ila Machi, Mei, Julai na Oktoba huwa 7 na 15. (Idus hazihusiani na Idi, swali ambalo mtaulizwa Nakuru na Kisumu vilevile.)

Februari 13 hadi 21 zilikuwa siku za kuwakumbuka wafu makaburini, kwa nafaka, chumvi, mkate uliolowekwa divai na maua. Tarehe 22 ndugu walikula pamoja na Lares wakapata sehemu yao. Machi 17 wavulana wengi walivaa toga ya utu uzima, na kijana aliivua bulla, hirizi ya shingoni ya utotoni, akamwachia Lar. Igizo la dakika mbili hilo, na kila mtu hulielewa. Bibi harusi naye alikuja na sarafu tatu: moja mkononi kwa mume, moja ndani ya kiatu kwa Lares wa nyumba mpya, moja kwa Lares wa njia panda. Mei 9, 11 na 13 usiku wa manane baba aliamka miguu mitupu, akanawa, akarusha maharagwe meusi bila kutazama nyuma akisema mara tisa kwamba anajikomboa yeye na wake kwa maharagwe hayo, akagonga shaba na kuwaambia wafu mara tisa watoke. Maharagwe meusi hayakosekani soko la Kibuye, Kisumu. Fagieni baadaye, yanateleza.

Miungu ya kigeni: kona ya pili

Hapa maonyesho mengi huharibika, kwa kupanga Isis, Mithras na Lares kwenye rafu moja kama bidhaa dukani. Tengenezeni kona ya pili, hatua chache kutoka ya kwanza. Mfano halisi upo: nyumba ya Pompeii iitwayo Nyumba ya Vikupido vya Dhahabu. Kwenye ua wake wenye nguzo kuna kihekalu cha kawaida cha Lares, na kwenye kona nyingine ya ua huo huo wamechorwa miungu ya Misri: Isis, Serapis, Anubis mwenye kichwa cha mbwa, na Harpocrates, mtoto mwenye kidole mdomoni. Familia moja, ua mmoja, kona mbili. Hawakuhama dini, waliongeza.

Sheria kwa maneno ilikuwa kali kuliko hivyo. Cicero, mwanasiasa wa Roma, aliandika kwamba mtu asiwe na miungu yake binafsi, mipya wala ya kigeni, isipokuwa imepokewa na dola. Plutarch, mwandishi Mgiriki, akamshauri mke aabudu miungu ya mumewe tu na kuzifungia mlango ibada za nje. Wekeni maneno hayo mawili kwenye bango juu ya kona ya Isis, wanafunzi waone umbali kati ya wosia na ukuta.

Kwa kona hiyo mnahitaji sistramu, kayamba ya Isis. Pindeni waya wa milimita 4 wenye urefu wa sentimita 60 uwe kama U iliyogeuzwa, mufunge miguu yake kwenye mpini wa mbao. Kuupata mlio, gongeni waya uwe bapa, toboeni matundu manne kila upande na kupitisha vijiti vinne vya waya wa milimita 2, ncha zikipindwa. Tundu liwe la milimita 3 au zaidi. Vijiti vikibana havilii, na hilo ndilo kosa la mafundi wote wa mara ya kwanza. Ongezeni ndoo ndogo ya maji na sanamu ya Isis akiwa na usukani wa merikebu na pembe ya neema, maana nyumbani alipendwa hasa akiunganishwa na Fortuna. Machi 5 ilikuwa siku yake ya kufungua safari za baharini. Kwa shule iliyo ukingoni mwa ziwa, tarehe hiyo haihitaji kutafutiwa sababu.

Mashaka ya serikali yaonyesheni kwa matukio matatu. La kwanza ni la Bacchus, mungu wa divai, mwaka 186 KK. Seneti iliamuru kwamba anayetaka kuendelea na ibada hiyo aende kwa praetor (hakimu wa dola) mjini Roma, praetor aiulize Seneti wakiwepo maseneta wasiopungua 100, na akiruhusiwa wasikutane zaidi ya watu watano: wanaume wawili, wanawake watatu. Agizo hilo lilichorwa kwenye bamba la shaba lililopatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, mwaka 1640. Igizeni foleni ya kuomba kibali. Mkenya yeyote ataijaza mwenyewe bila kuandikiwa maneno.

La pili ni la Mama Mkuu, aliyeletwa na serikali yenyewe kutoka Asia Ndogo mwaka 204 KK, Hannibal, jemadari adui wa Carthage, akiwa bado Italia, kwa umbo la jiwe jeusi. Alijengewa hekalu mlima Palatine. Hata hivyo raia wa Roma walikatazwa kujiunga na makuhani wake waliohasiwa: mungu alikaribishwa, desturi zake zikawekewa ua.

La tatu ni Isis mwenyewe. Katika miaka ya 50 KK Seneti iliamuru mara kadhaa madhabahu zake zibomolewe. Inasimuliwa kwamba mafundi waliogopa kugusa, mpaka konsuli Lucius Aemilius Paullus akavua toga yake ya cheo na kupiga milango kwa shoka. Mwaka 19 BK Kaizari Tiberius akawaandama tena wafuasi wake. Mwaka 71 BK Kaizari Vespasian na mwanawe Titus walilala kwenye hekalu la Isis usiku wa kuamkia gwaride lao la ushindi. Na huko Pompeii, baada ya tetemeko la mwaka 62, hekalu lake lilijengwa upya kwa jina la Numerius Popidius Celsinus, mtoto wa miaka sita, ambaye madiwani walimpa kiti cha baraza lao bila malipo. Baba yake, aliyekuwa mtumwa zamani, hakuruhusiwa kushika cheo hicho. Mungu wa kigeni alifungua mlango ambao Lares hawakuweza.

Mkono wa Sabazius, mungu aliyehusishwa na Thracia na Frigia, unapendeza kufinyangwa: gumba na vidole viwili vimeinuka, viwili vimekunjwa, na juu yake nyoka, chura, mjusi na koni ya msonobari. Mmoja kati ya wageni atasema ni baraka ya askofu. Mishiko inafanana, mwambieni hivyo na kuendelea.

Mithras, mungu mwingine aliyehusishwa na Uajemi, msimweke nyumbani. Ibada yake ilihitaji kikundi cha wanaume, chumba kama pango chenye mabenchi pande mbili, na ngazi saba za kupanda, ambazo zimechorwa kwenye sakafu ya Felicissimus huko Ostia. Hata pale chumba kilipokuwa chini ya nyumba ya mtu, hakikuwa mali ya meko.

Kabla ya wageni kuingia

Toeni tangazo fupi kwamba ni igizo la historia, na mwanafunzi asiyetaka kushika ubani kwa sababu ya imani yake apewe kazi ya kueleza bango. Asishawishiwe.

Swali la mwisho huwa "hii iliisha lini?" Novemba 8, mwaka 392 BK, Kaizari Theodosius alitoa sheria iliyokataza hata ibada ya siri nyumbani, na ikataja vitu kimoja kimoja: moto kwa Lar, divai kwa Genius, ubani kwa Penates. Mwonyeshaji aguse kila kimoja kwenye rafu anapoisoma.

Makaa ya chetezo yamwagieni maji mara mbili kabla ya kuyatupa. Jivu la juu hudanganya.